Ukishusha mpini wa magurudumu, mkono usiuondoe kwanza

Mpini wa magurudumu ya ndege unautambua hata ukifumba macho: kichwa chake ni duara, kama tairi dogo. Wa flapu, yaani vibao vinavyoshuka nyuma ya mabawa, ni bapa, mithili ya bawa. Tofauti hiyo inatokana na Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wa B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, walikuwa wakitua salama salimini, halafu wanakunja magurudumu wakidhani wanakunja flapu. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis ndiye aliyependekeza maumbo yanayotambulika kwa kupapasa.

Mimi nilijifunzia Piper Arrow III, ndege ndogo ya injini moja, basi nitaieleza hiyo. Kabla hujagusa mpini, tazama kipimamwendo. Kushusha, usizidi noti 129 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Kukunja, usizidi 107.

Ukishusha, pampu ya haidroliki, inayosukuma magurudumu kwa mafuta, itanguruma, taa nyekundu itawaka, na utahisi ndege imeshikwa na upepo. Mkono ubaki palepale. Baada ya sekunde saba hivi nyekundu inazimika, na taa tatu za kijani zinawaka, kila gurudumu na yake. Zihesabu kwa sauti. Kijani maana yake gurudumu limeshuka na kujifunga. Mpini hauthibitishi lolote. Umetoa amri tu.

Siku moja nilishusha, nikatazama, sikuona kijani hata kimoja. Jasho likanitoka. Nikapaa tena, nikazunguka uwanja nikiwaza namna ya kutua kwa tumbo. Kumbe nilikuwa nimewasha taa za mabawani mchana kweupe, na ukiwasha hizo, za kijani hufifia zisikuumize macho usiku. Nilizima swichi, na zote tatu zilikuwa pale zinaniangalia. Siku hizi kijani kisipoonekana naanzia kwenye swichi hiyo, kisha naazima balbu kwa jirani yake, kwani zinabadilishana nafasi.

Pampu ikifa kweli, usihangaike. Kinachoyashikilia magurudumu juu ni shinikizo la mafuta ya haidroliki tu. Punguza mwendo chini ya noti 87, mpini wa kawaida ukiwa chini, kisha bonyeza mpini wa dharura ulio kati ya viti: shinikizo linaachiwa, magurudumu yanaanguka kwa uzito wake, la mbele likisaidiwa na springi. Hapo napo, hesabu kijani.

Ardhini, swichi iliyo kwenye mguu wa gurudumu huzuia magurudumu kukunjika ndege ikiwa imeyakalia. Usiijaribu. Ndege ikidunda kwenye kishimo, uzito hutoka mguuni, na swichi hudhani mmeshapaa.