Kugeuza uwanja wa zamani wa kikapu ufuate sheria za sasa

Ukikuta eneo la sekunde tatu (lile lililo mbele ya ringi) limetanuka chini kama sketi, jua mistari hiyo ni ya kabla ya 2010. Mwaka huo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ililifanya eneo hilo mstatili, na mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75. Mageuzi ya 2000 (sekunde 30 za kushambulia kuwa 24, sekunde 10 za kuvuka nusu kuwa 8) yalitaka saa tu. Haya ya 2010 yanataka brashi.

Malindi, paka rangi wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Fagia mchanga, osha saruji kwa maji ya bomba. Maji ya kisima yenye chumvi yakikauka huacha unga mweupe, na rangi ya juu yake hubambuka.

Pima mita 28 kwa 15, ndani ya mistari. Pembe kwa pembe ni mita 31.76, kwa hiyo tepu ya mita 30 haifiki. Vipimo viwili vya pembe kwa pembe vikitofautiana, uwanja umekwenda upande, nyoosha kwanza.

Kutoka katikati ya mstari wa mwisho, ingia ndani mita 1.575, upige msumari wa zege. Teremsha timazi kutoka katikati ya ringi. Isipoangukia msumarini, rekebisha nguzo, usihamishe msumari.

Kutoka msumarini, chora tao la pointi tatu kwa waya wa kufungia nondo. Kamba ya nailoni huvutika. Mita 6.75 ziishie ukingo wa nje. Wengi huharibu kwenye kona: huzungusha waya hadi chini, mpigaji akabakiwa na sentimita 75 za kusimama. Sheria inampa 90. Basi kona ipigwe mstari ulionyooka, ukutane na tao mita 2.99 kutoka mstari wa mwisho. Kwa msumari huohuo chora nusu duara ya mita 1.25, ambamo beki akigongwa huku akimsubiri mshambuliaji, mshambuliaji hahesabiwi faulo.

Mstari wa mitupo huru hauhami: mita 5.80 kutoka mstari wa mwisho. Urefushe sentimita 65 kila upande, kisha shusha mistari miwili wima hadi mstari wa mwisho, mita 2.45 kutoka katikati yake. Zamani ilikuwa 3.

Mistari yote upana wake sentimita 5. Ile ya zamani ifunike mara mbili kwa rangi ya sakafu, kwa sababu mkono mmoja hupauka juani, na refa ataanza kubishana na wachezaji kuhusu mguu ulikanyaga tao lipi.