Podikasti ya gemu: sauti safi, wasikilizaji wanaojibu

Sauti kwanza. Maiki ya dainamiki (aina isiyonasa sana kelele za chumba) ikae sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Kila mtangazaji avae hedifoni. Spika zikiachwa wazi, sauti ya gemu na ya mwenzako huingia kwenye maiki yako, na kuitoa baadaye ni kazi ngumu mno. Rekodi kila mtu kwenye faili lake la WAV (sauti isiyobanwa), vilele, yaani pale sauti inapokuwa kubwa zaidi, vikifika karibu na -12 dB kwenye mita ya kurekodia. Mwanzoni pigeni kofi moja kwa pamoja: mlio huo ndio mtakaoutumia kulinganisha mafaili wakati wa kuhariri.

Kwa wasikilizaji ndipo wengi hukosea. "Mnaonaje?" haijibiwi. Uliza kitu kimoja chenye mipaka: "Bosi gani alikufanya ushushe kiwango cha ugumu?" (bosi ni adui mkuu ndani ya gemu). Omba ujumbe wa sauti usiozidi sekunde 40, taja siku ya mwisho ya kutuma, kisha mjibu mtumaji kwa jina kipindi kinachofuata. Akijisikia hewani, atatuma tena. Anayekupinga, msikilize hadi mwisho kabla ya kumjibu. Na kabla ya kufichua hadithi ya gemu inavyoisha, taja dakika ambayo asiyetaka kujua anaweza kurukia.