Mlo wa pwani bila nyavu: mbinu za watu wa kale kwenye mwambao wa Tanga

Anayetaka kuokota chakula ufukweni kama walivyofanya watu wa zama za mawe aanze kwa kuhesabu mwezi. Mkuki utafuata.

Tanga maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Hapo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na miamba isiyoonekana siku nyingine hubaki wazi. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hubaki kama mita moja tu, na kwenda pwani ni kuchosha miguu. Uzuri ni kwamba bamvua la huku hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, mchana kweupe.

Wazee wa kale walilijua jambo hili. Katika mapango ya Pinnacle Point, Afrika Kusini, watu walikula kome miaka 164,000 iliyopita. Curtis Marean, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji huo, anaona kwamba huwezi kuishi kwa kome wa pwani ile yenye mawimbi makali bila kupanga safari zako kwa mwezi.

Fika saa mbili kabla ya maji kukauka, uyafuate yanavyoshuka. Yakianza kurudi, nawe rudi. Maji hayajai kwa mwendo mmoja: ukigawa kimo chote mafungu 12, saa ya kwanza ya kujaa huleta fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3, zile saa mbili za katikati peke yake zinaleta mita 1.5. Wanaozingirwa hawazingirwi kutoka mbele. Huwa wamesimama kwenye fungu la mchanga, na mfereji ulio nyuma yao, kati yao na nchi kavu, ndio unaojaa kwanza.

Kwa anayeanza, mawindo rahisi ni tondo, wale konokono wakubwa weusi wa kwenye mikoko. Hawakimbii, hawang'ang'anii jiwe, na wengi hupatikana bila kungoja bamvua. Ingia mikokoni maji yakishapwa, utazame tope lenye kivuli. Jani la mkoko likidondoka, tondo hulijia kutoka pande zote na kulizunguka wakilitafuna, kwa hiyo tafuta majani yaliyoanguka badala ya kutafuta konokono. Chukua wale wenye mdomo wa gamba uliopanuka na kunenepa, ndio waliokwisha komaa. Wadogo waache. Kwenye pwani ya Oman, malundo ya magamba ya tondo walioliwa maelfu ya miaka iliyopita yapo hadi leo.

Kombe hujizika kwenye mchanga wenye majani ya bahari, kina cha vidole viwili au vitatu, wakiacha mwanya mwembamba juu. Pekua kwa kijiti, si kwa vidole vitupu. Chaza wa kwenye mwamba wanataka jiwe lenye ncha: gonga kwenye ungio la magamba, usigonge katikati, maana vipande vitaingia kwenye nyama. Pweza ana shimo lake, na mlangoni hulundika makombo ya kaa na magamba. Ukiona takataka hizo mpya, choma fimbo taratibu.

Konokono mzuri mwenye umbo la pia na michoro ya wavu usimguse kabisa, hata kwa kumfunga kitambaani. Ana mwiba wa sumu unaoweza kuua mtu. Wala usiokote chaza karibu na bandari au mitaro ya maji machafu, hasa wakati wa masika. Chaza huchuja maji na kubaki na uchafu. Moto utaua vijidudu, lakini hautaondoa madini ya sumu.

Kabla ya kupika, gonga kila kombe aliyeachama. Asiyejifunga amekufa, mtupe. Wengine waache kwenye maji safi ya bahari saa kadhaa wateme mchanga. Watu wa kale hawakuwa na sufuria, na hakuna haja nayo. Washa kuni juu ya mawe makavu ya nchi kavu (ya mtoni au ya majini hupasuka na kurusha vipande), zikiwa makaa sogeza pembeni, panga magamba juu ya mawe, funika kwa majani mabichi. Msuli hulegea, kombe hufunguka. Usimtoe papo hapo, mwache nyama ikazane. Tondo akishaiva, vunja ncha ya gamba kwa jiwe, umvute kwa mwiba.

Sasa hesabu ambayo wengi huisahau. Gramu 100 za nyama ya magamba hutoa kama kalori 80, na mafuta karibu hakuna. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 atakula kilo 2.5 za nyama, na kwa kuwa nyama haifiki robo ya uzito, atabeba zaidi ya kilo 10 za magamba kila siku. Tena protini tupu bila mafuta wala wanga humdhoofisha mlaji. Ndiyo maana bahari ililiwa pamoja na mizizi, matunda na wanyama. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lililokaliwa kwa miaka 78,000, kuna shanga za magamba ya bahari, lakini mlo wa humo ulitoka msituni na mbugani.

Malundo ya kale kabisa ya Tanga usiyatafute ufukweni. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Fukwe za enzi hizo zimezama. Ukikuta lundo la zama za karibu zaidi, utalitambua kwa magamba ya aina chache tu, makubwa, yaliyochanganyika na majivu na mkaa. Magamba yaliyoletwa na mawimbi huwa ya kila aina na saizi, yamesuguliwa kingo. Usichimbe, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda. Na kuanzia mjini Tanga hadi Kigombe, ulizia kibali kwanza, kwani sehemu kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.