Namna ya kujifanyia gwaride la injini za mvuke pale makumbusho ya reli Nairobi

Wenzetu Uingereza reli ikitimiza miaka huwa wanazitoa injini za zamani zipite moja moja watu wakishangilia. Tarehe 31 Agosti 1975 pale Shildon, reli ya Stockton na Darlington ilipofikisha miaka 150, msururu uliongozwa na nakala ya Locomotion, ile injini ya 1825. Zetu pale Nairobi zimesimama tu, haziendi popote, basi inabidi wewe ndo utembee. Nimefanya hivi mara kadhaa na watoto wa dada yangu na nawaambia ni tofauti kabisa na kuingia, kupiga selfi na kutoka.

Siku nzuri kuliko zote ni 30 Mei, maana reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 30 Mei 1899, wakati huo hapa ni kinamasi na nyasi, mji haujazaliwa. Lakini siku yoyote inafaa. Enda asubuhi, jua likishapanda vyuma vinachoma mkono vibaya sana na wewe utataka kupanda ngazi za injini. Vaa viatu vya kufunika, beba maji, daftari na futi ya fundi. Mahali ni karibu na stesheni ya zamani, ukitokea Haile Selassie Avenue, ulizia tu makumbusho ya reli watu wa pale wanaijua, imekuwepo tangu 1971.

Ukishaingia usikimbilie ile injini kubwa. Najua macho yataenda huko lakini ngoja.

Anza na behewa namba 12, hili la mbao. Juni 1900 lilikuwa limesimama Kima, afisa wa polisi wa reli anaitwa Ryall amelala ndani na wenzake wawili wakimvizia simba aliyekuwa anakula watu, simba akaingia humo humo ndani akamnyakua Ryall na kutoka naye dirishani. Simama nje upime hilo dirisha kwa macho. Watoto wa dada yangu walinyamaza kabisa hapo, na si watoto wa kunyamaza.

Sasa njoo kwa injini, na hapa kuna kitu ukikijua zote zinaanza kuongea. Namba ina tarakimu nne, mbili za kwanza ni klasi na mbili za mwisho ni ya ngapi kwa hiyo klasi. Kwa hivyo 3020 ni klasi 30, injini ya ishirini. Andika namba kwa daftari, alafu hesabu magurudumu upande mmoja ukianzia mbele. Tafuta kwanza za klasi 24 maana hizo ndo wazee, zilianza kuja miaka ya 1920. Upande mmoja utaona mawili madogo, manne makubwa, basi, nyuma chini ya chumba cha dereva hakuna kitu. Ukitoka hapo enda kwa 3020 uhesabu tena, utakuta moja dogo, manne makubwa, na nyuma yameongezeka mawili madogo. Hayo ya nyuma yanabeba sehemu ya moto, yaani tanuri limekuwa pana zaidi na uzito umegawanywa ili reli nyepesi isiumie. Hiyo ni miaka thelathini hivi ya mainjinia kuumiza kichwa na wewe umeiona kwa kuhesabu tu.

Soma na majina pia, soma kwa sauti. 3020 ni Nyaturu, watu wa Singida. 3123 ni Bavuma, wa visiwa vya Buvuma kule Uganda. 2921 ni Wamasai. Klasi 60 wao walipewa majina ya magavana, 6006 ni Sir Harold MacMichael aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Mimi hapa ndo huwa naguswa, maana hizi injini zilikuwa za Afrika Mashariki yote, shirika moja, na babu yangu aliyekaa landi za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuwa akizitaja kwa jina kama mtu anataja majirani.

Mwisho kabisa enda kwa 5918, Mount Gelai. Klasi 59 zilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34, zote zina majina ya milima. Tembea kutoka ncha hadi ncha polepole, ni karibu mita 32. Uzito wake ni tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyoizidi nguvu duniani. Toa futi yako upime katikati ya reli mbili uone, ni mita moja tu, alafu inua macho uangalie kilichokaa juu yake!

Siri yake iko chini. Inama katikati uangalie boila, lile pipa la kuchemshia maji, imening'inizwa kama daraja kati ya vipande viwili, kila kipande kina silinda zake na magurudumu yake na kinajipinda chenyewe kwenye kona. Injini ya namna hii ndo inaitwa Garratt. Ndo maana iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka Mombasa usawa wa bahari mpaka Nairobi huku juu, kona juu ya kona. Hesabu magurudumu upande mmoja, mbili nne moja, moja nne mbili, yanafika 14, na ng'ambo mengine 14. Hizi hazikuchoma makaa, zilichoma mafuta mazito, kwa hivyo ukipanda usitafute koleo, tafuta valvu. Shika reli ya ngazi kwa mikono miwili ukipanda, ni juu kuliko unavyodhani.

Na kabla hujatoka mtafute mwenzake, 5930 Mount Shengena, wa milima ya Upare. Zikague hizo mbili kitu kwa kitu, mtoto mmoja kwa Gelai mwingine kwa Shengena, waitane namba za vibati mnavyoviona, na anayekuta tofauti ya kwanza ndo ananunuliwa soda.