Namna ya Kusoma Takwimu za Magonjwa ya Ngono, Kimkoa na Kitaifa

Anayetaka kujua kama magonjwa ya ngono yanapanda au yanashuka Dar es Salaam, au kulinganisha jiji na mikoa mingine, aanze kwa kuuliza takwimu aliyonayo imetoka wapi. Tafiti za kitaifa za VVU huchagua kaya kwa kubahatisha na kupima damu za watu, wawe wanajisikia wagonjwa au la. Taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa kukusanya taarifa za vituo vya afya, kwa upande mwingine, huhesabu waliofika wenyewe kituoni. Takwimu za vyanzo hivi viwili zisiwekwe kwenye mstari mmoja wa grafu.

Kwa kisonono, klamidia na trikomonasi, tegemeo kubwa ni MTUHA, na hapo ndipo uangalifu mwingi unahitajika. Zahanati nyingi hutibu kwa kufuata dalili: mwanamume anayetokwa na usaha hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja, na rejista hubeba dalili hiyo bila kutaja kijidudu. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, kwa hiyo hawaendi kituoni. Kijana wa Mbagala au Manzese anayepitia famasi kununua vidonge vyake kimyakimya naye haonekani katika hesabu ya kituo. Idadi ikipanda, basi, huenda maambukizi yameongezeka, na huenda pia watu wameanza kukiamini kituo, jambo ambalo mimi ningelipokea kama habari njema.

Kaswende ina nafuu, kwa sababu wajawazito hupimwa kliniki hata kama hawana dalili. Hata hivyo, waliokutwa nayo wagawanywe kwa waliopimwa, si kwa waliohudhuria. Tuseme walihudhuria wajawazito 400, vipimo vikaisha na wakapimwa 200 tu, na 6 wakakutwa na kaswende: kiwango ni asilimia 3, ilhali anayegawanya kwa 400 atatangaza asilimia 1.5 na kusifia mafanikio ambayo hayapo.

Jambo la pili ni mipaka. Utafiti wa 2007–08 uliipa Iringa asilimia 15.7 ya maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2011–12 ukaipa asilimia 9.1. Asiyejua angesema Iringa imefanya maajabu, kumbe katikati hapo Njombe ilikwisha kumegwa kuwa mkoa wake, ikiwa na asilimia 14.8. Dar es Salaam nayo ina mtego huohuo, kwa kuwa Ubungo ilitoka Kinondoni na Kigamboni ikatoka Temeke; anayelinganisha miaka ya kabla na baada aziunganishe kwanza.

Kitaifa, kiwango cha VVU kwa rika hilohilo kilikuwa asilimia 7.0 mwaka 2003–04, kikawa 5.7 mwaka 2007–08 na 5.1 mwaka 2011–12, ingawa utafiti wa kwanza ulihusu Tanzania Bara pekee. Asilimia 4.4 ya 2022–23 inahusu watu wote wa miaka 15 na kuendelea, kwa hiyo isiungwe moja kwa moja na hizo za awali. Zaidi ya hayo, dawa za kufubaza virusi zinawaweka watu hai kwa muda mrefu, na kiwango kinaweza kusimama palepale wakati maambukizi mapya yanapungua. Mwenye kutafuta mwelekeo wa kweli aangalie maambukizi mapya, ambayo utafiti huo uliyakadiria kuwa takriban 60,000 kwa mwaka kwa watu wazima.

Mwisho, kiwango kisichanganywe na idadi. Mwaka 2022–23 Njombe iliongoza kwa asilimia 12.7, lakini kwa sensa ya 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 889,946 na Dar es Salaam 5,383,728. Asilimia moja ya wakazi wa Dar es Salaam ni zaidi ya watu 53,000, na ya Njombe haifiki 9,000. Anayepima hatari ya kuambukizwa atumie kiwango; anayeagiza dawa na vipimo atumie idadi ya watu.