SOMO: Jumla ya Excel haitoki sawa? Kagua namba kabla ya kugusa fomula

Kila vikundi vya hisa vinapokaribia mgao, naletewa picha ileile: kolamu imejaa fedha za watu, chini yake SUM, fomula ya kujumlisha, imetoa 0, au imetoa jumla pungufu kuliko fedha iliyomo sandukuni. Swali nalo ni lilelile: "Mwalimu, fomula sahihi ni ipi?" Fomula uliyonayo ni sahihi. Karibu kila mara tatizo liko kwenye namba zenyewe. Nimelijibu Ngamiani, Tanga, nimelijibu kwa wanaotunza hesabu za samaki pale Deep Sea, nimelijibu kwenye simu usiku. Sasa nimeandika lote. Fuateni kwa mpangilio, msiruke.

Hatua ya 1. Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine.

Hatua ya 2. Jua Excel inatambua namba ngapi. Tuseme fedha ziko C2 hadi C60. Pembeni, kwenye seli tupu, andika =COUNT(C2:C60), na chini yake =COUNTA(C2:C60). Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili kila seli yenye kitu. Zikilingana, nenda hatua ya 5. COUNT ikitoa 41 na COUNTA 59, basi seli 18 ni maandishi yenye sura ya namba, na SUM imezipita kimya kimya.

Hatua ya 3. Zitafute. Kwa kawaida namba huegemea kulia, maandishi kushoto. Kama mtu amezipanga katikati, usiamini macho: andika =ISNUMBER(C2) na uburute hadi chini. Palipo na FALSE ndipo penye tatizo.

Hatua ya 4. Safisha. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza kumbukumbu za mwaka mzima.

Kama seli ni 25000 tupu ila imeingia kama maandishi, chagua kolamu, nenda "Data", kisha "Text to Columns", bonyeza "Finish". Imekwisha. Kama mwandishi aliandika 25,000/= au Tsh 25,000, tumia Ctrl+H (tafuta na badilisha) kuondoa hizo alama, LAKINI chagua kolamu ya fedha kwanza. Ukiwa umesimama kwenye seli moja tu na ukabonyeza "Replace All", Excel inabadilisha shiti nzima, pamoja na majina na fomula. Ondoa /= kwa pamoja, usiondoe / peke yake. Ukiondoa / kwenye shiti yenye =B2/12, fomula inageuka =B212. Haitalalamika, itasoma seli nyingine kabisa na kukupa jibu la uongo. Ukiondoa nafasi zote, Mwanaidi Salim anakuwa MwanaidiSalim. Ukiondoa nukta, 1500.50 inakuwa 150050. Na kubwa kuliko zote: alama ya nyota. Kwa Ctrl+H, * maana yake ni "chochote". Ukiitafuta ili uifute, unafuta kila kitu ulichochagua. Andika ~* badala yake. Kitu kikiharibika, bonyeza Ctrl+Z papo hapo, kabla ya kufunga faili.

Taarifa za miamala zilizonakiliwa kutoka kwenye PDF au tovuti zina ugonjwa wake: nafasi isiyo ya kawaida, ambayo TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. Weka fomula hii kolamu ya pembeni: =VALUE(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"")). Kisha nakili matokeo na uyabandike kama thamani ("Paste Values").

Hatua ya 5. Bofya seli ya jumla uone inaishia mstari gani. Wanachama wanaishia mstari wa 46, fomula inaishia wa 40: sita hawamo.

Hatua ya 6. Bonyeza F9. Jumla ikibadilika, faili limewekwa kwenye ukokotoaji wa mkono. Nenda "Formulas", "Calculation Options", chagua "Automatic". Hali hii inaambukiza: Excel hufuata faili la kwanza ulilofungua baada ya kuiwasha, kwa hiyo la jirani yako linaweza kuliharibia lako.

Hatua ya 7. Inapishana shilingi moja au mbili? Ni senti zilizofichwa. VAT ya 18% kwa 1,525 ni 274.5, seli isiyoonyesha desimali inasoma 275. Bidhaa tatu za namna hiyo, jicho linajumlisha 825, Excel inasema 824 kwa sababu inajua ni 823.5. Tumia =ROUND(B2*18%,0) kwenye kila mstari.

MASWALI

Kijana wa Chumbageni: Nimefanya yote bado 0. Naomba msaada haraka mkutano ni saa 10.

Mtoa somo: COUNT imetoa ngapi na COUNTA ngapi?

Kijana wa Chumbageni: Hiyo sijafanya mkuu, nimeanzia kwenye kusafisha.

Mtoa somo: Basi hujafanya yote. Rudi hatua ya 2.

Kijana wa Chumbageni: 0 na 38.

Mtoa somo: Zote ni maandishi. "Text to Columns", dakika moja. Utawahi mkutano.

Mweka Hazina Makorora: Shikamoo mwalimu. Nikiandika =C2+C3 napata jibu sahihi, nikiandika =SUM(C2:C3) napata 0. Seli ni zilezile. Kwa nini?

Mtoa somo: Marahaba mwanangu, umeuliza la msingi. Alama ya + inailazimisha Excel igeuze maandishi kuwa namba, ikiweza. SUM ikipewa seli haigeuzi. Ikikuta maandishi inapita. Imetengenezwa hivyo ili uweze kujumlisha kolamu yenye kichwa cha habari au neno "hakuja" katikati bila kupata kosa. Jaribu + kwenye seli yenye neno "hakuja" utaona #VALUE!. Kwa hiyo + ikitoa jibu na SUM ikatoa 0, umeshajua ugonjwa bila hata COUNT.

Mkweli Daima: Haya yote ya nini, hamieni Google Sheets.

Mtoa somo: SUM ya huko nayo inapita maandishi. Ukihamisha data chafu, inabaki chafu.

Machungwa Muheza: Samahani natoka nje kidogo. Walinzi wa shamba wanaingia saa 12 jioni, wanatoka saa 12 asubuhi. Masaa yanatoka 0, na jumla ya wiki pia 0.

Mtoa somo: Umeandika 12:00 na 12:00, bila shaka. Excel haisomi saa ya Kiswahili. Kuingia (A2) andika 18:00, kutoka (B2) 6:00, kisha =MOD(B2-A2,1), ili usiku unaovuka siku usilete hasi. Jumla ya usiku 6 ni saa 72, ambazo ni siku 3 kamili, kwa hiyo hata baada ya hapo itaonyesha 0:00. Badilisha muundo wa seli ya jumla kuwa [h]:mm, itasoma 72:00.

Dada wa Raskazone: Namba za NIDA nazo zinaishia sifuri nyingi. Nizisafishe?

Mtoa somo: Hapana dada! Excel inashika tarakimu 15 tu, NIDA ina 20, zilizozidi zimepotea na hazirudi. Weka kolamu kuwa "Text" kwanza, ndipo uandike upya kutoka kwenye vitambulisho. Namba za simu vivyo hivyo, zisipoteze 0 ya mwanzo. Usichokijumlisha kiache kiwe maandishi.

Mweka Hazina Makorora: Sasa COUNT na COUNTA zinalingana, mwalimu, lakini jumla kuu imekuwa mara mbili.

Mtoa somo: Una jumla ndogo za kila wiki ndani ya kolamu hiyohiyo, SUM inazihesabu tena. Kila jumla ndogo iwe =SUBTOTAL(9,...), ambapo 9 maana yake ni kujumlisha, na jumla kuu pia SUBTOTAL. Hiyo hairudii SUBTOTAL nyingine, na ukichuja jina la mwanachama mmoja itakupa ya kwake peke yake.