Kompyuta ya maabara ikijipa anwani ya 169.254

Uko kwenye maabara ya mitandao hapa Lamu, umeandika amri ya Windows ya ipconfig na anwani ya IP inaanza na 169.254. Maana yake kompyuta imejipa anwani yenyewe, kwa kuwa haikupata jibu la seva ya DHCP, ile inayogawa anwani kwa kompyuta za mtandao.

Usiguse mipangilio bado, anza na waya. Hewa ya chumvi huharibu plagi za RJ45, zile za ncha za waya wa mtandao, upesi. Imulike kwa tochi ya simu: vijino vinane vikiwa na ukijani, kata ufunge plagi mpya. Taa ya poti kwenye swichi isipowaka, hakuna protokali itakayokufaa.

Taa ikiwaka, fungua Wireshark, programu inayoonyesha jumbe zinazopita mtandaoni, chuja kwa neno dhcp, kisha andika ipconfig /release na ipconfig /renew. Unatafuta jumbe nne kwa mpangilio: Discover (kompyuta inatafuta seva), Offer (seva inatoa anwani), Request (kompyuta inaiomba), ACK (seva inakubali). Zinasafiri kwa UDP, protokali ya kusafirisha data, seva poti 67, kompyuta poti 68.

Discover ikijirudia bila Offer, huenda seva imezimwa, anwani zake zimekwisha, au iko VLAN nyingine, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Hili la mwisho huwasumbua wanafunzi sana. Discover ni tangazo kwa wote, na ruta haivushi matangazo. Lazima uweke rilei, kipengele cha kupeleka ombi hadi kwa seva, kwenye ruta; kwa Cisco ni amri ya ip helper-address.

Offer ikitoka kwa seva usiyoijua, huenda kuna mtu amechomeka ruta ya nyumbani, nayo inagawa anwani zake. Tafuta MAC yake (anwani ya kifaa chenyewe) kwenye jedwali la swichi, ujue poti, uichomoe.